Harry Beck: Mchoraji aliyeinyoosha London kwa rula, kisha akasahauliwa

KILA uchao, mamilioni ya watu katika miji mikuu ya dunia huteremka ngazi na kuingia chini ya ardhi ili kupanda treni za kuwafikisha kazini, shuleni na nyumbani. Huko chini hakuna jua la kuwaonyesha mashariki iko wapi. Hakuna mnara, mti wala mto wa kuwaelekeza. Kiongozi wao ni karatasi iliyobandikwa ukutani: ramani yenye mistari ya rangi mbalimbali, iliyonyooka kana kwamba imepigwa kwa rula, na majina ya vituo yakiwa yamepangwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana.

Aghalabu wanaoitazama ramani ya aina hiyo hudhani kwamba ilizaliwa pamoja na reli zenyewe. Sivyo. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilikuwa imehudumu kwa miaka 70 kabla ya ramani hiyo kuchapishwa. Na aliyeibuni hakuwa mwanajiografia, wala msanii wa kutajika, wala mkurugenzi wa shirika lolote. Alikuwa mchoraji wa cheo cha chini katika ofisi ya ishara za reli jijini London, mwajiriwa wa muda ambaye siku alizoanza kuichora hata kazi yenyewe alikuwa ameipoteza.

Jina lake kamili lilikuwa Henry Charles Beck, ingawa wengi humfahamu kama Harry Beck. Aliaga dunia mnamo Septemba 18, 1974, akiwa na umri wa miaka 72. Kufikia siku hiyo, ramani aliyoibuni ilikuwa inatumiwa na umati wa watu kila siku, lakini jina lake lilikuwa limeondolewa juu yake kwa zaidi ya mwongo mmoja. Makala haya yanasimulia alivyoibuni kazi hiyo, alivyoilea kwa karibu miaka 30 na jinsi ilivyomponyoka mikononi.

Mji uliotangulia kuchimba

Ili kuelewa alichokifanya Beck, ni sharti kwanza kuelewa tatizo alilolikuta.

London ndiyo iliyoutangulia ulimwengu katika kupitisha treni za abiria chini ya barabara. Mnamo Januari 10, 1863, reli ya Metropolitan ilifungua njia ya takriban kilomita sita kati ya Paddington na Farringdon. Wakili Charles Pearson, aliyekuwa amepigania wazo hilo kwa miaka mingi, hakuishi kuishuhudia siku hiyo kwani alifariki mwaka wa 1862. Treni za mwanzo zilivutwa na injini za mvuke, na abiria walisafiri wakivuta moshi uliotanda mashimoni. Ilipotimu 1890, njia ya kwanza ya kina kirefu inayotumia umeme ilifunguliwa katika mji huohuo. Miji mingine ikafuata: Budapest mwaka wa 1896, Paris mwaka wa 1900, na New York mwaka wa 1904.

Tatizo la London lilikuwa kwamba reli zake hazikujengwa na mkono mmoja. Kila kampuni ilichimba njia yake, ikajenga vituo vyake na kuchapisha ramani yake. Ramani hizo zilikuwa matangazo ya biashara zaidi ya kuwa msaada kwa msafiri, kwani kampuni iliinenepesha njia yake na kuzififisha za wapinzani. Mnamo 1908 kampuni kadhaa zilikubaliana kutumia jina moja, Underground, na kutoa ramani moja ya pamoja.

Hata hivyo, ramani hiyo ya pamoja ilichorwa juu ya ramani ya kawaida ya mji. Matokeo yake yalikuwa fujo. Katikati mwa London, ambako vituo vimekaribiana mno, majina yalisongamana kama siafu hata yakawa hayasomeki. Pembezoni mwa mji, ambako kituo kimoja kiko mbali na kingine, njia zilitambaa peke yake kwenye karatasi tupu, na nyingine zikakatwa kabla ya kufika mwisho kwa kukosa nafasi. Katika miaka ya 1920, mchoraji Fred Stingemore alijaribu kurahisisha mambo. Aliziondoa barabara za juu katika ramani ndogo za mfukoni na hata kuzifupisha kidogo njia za pembezoni. Lakini mistari yake bado ilipinda na kujisokota kama zilivyopinda reli zenyewe.

Reli nazo zilikuwa zinazidi kurefuka. Kila njia ilipoongezwa, ramani ilizidi kushindwa kuibeba.

Kijana wa Leyton

Beck alizaliwa Juni 4, 1902, huko Leyton, mashariki mwa London. Mnamo 1925 aliajiriwa kama mchoraji chipukizi katika ofisi ya wahandisi wa ishara za reli za Underground. Kazi yake ilikuwa kuchora mipango ya mitambo na nyaya za umeme zinazoongoza taa na swichi za treni.

Kazi ya aina hiyo ina nidhamu yake. Anayechora saketi ya umeme hashughuliki na urefu halisi wa waya wala pembe unayopindia ukutani. Linalomhusu ni jambo moja: waya huu unaunganishwa na upi, na mahali gani. Ndiyo maana watu wengi wamesema kwamba Beck aliitoa ramani yake katika michoro ya saketi. Hata wenzake wa kazini walimtania kwa hilo, naye mwaka wa 1933 akawachorea ramani ya mzaha katika jarida la wafanyakazi, ambamo majina ya vituo yaligeuzwa kuwa maneno ya fundi umeme. Wanahistoria hawajaafikiana ni kwa kiasi gani saketi ndizo zilizompa wazo hilo. Lisilo na ubishi ni kwamba mkono na jicho lake vilikuwa vimezoea kuchora mambo yaliyonyooka, safi na yasiyo na ziada.

Ajira ya Beck ilikuwa ya muda. Msukosuko wa uchumi ulioukumba ulimwengu kuanzia 1929 ulipobisha hodi katika reli za London, naye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Ni katika kipindi hicho, mnamo 1931, alipolichukua daftari la mazoezi kama lile la mwanafunzi wa shule na kuanza kuchora. Hakuwa ametumwa na mtu. Hakuna aliyekuwa amemwahidi malipo. Mchoro huo wa kwanza, wa kalamu ya risasi na wino wa rangi, haukupotea. Umehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London.

Alichoacha na alichobakisha

Swali alilojiuliza Beck lilikuwa jepesi, lakini hakuna aliyekuwa amelifuata hadi mwisho wake. Je, abiria aliyeko chini ya ardhi anahitaji kujua nini? Hahitaji kujua kwamba treni inapita chini ya barabara gani, wala kwamba reli imepinda kidogo kuelekea kusini. Anahitaji kujua njia ipi inampeleka aendako, ashukie kituo kipi, na kama hakuna treni ya moja kwa moja, abadilishie wapi. Mengine yote ni mzigo.

Basi akayatupa mengine yote. Aliichukua njia ya Central, inayoukata mji kutoka magharibi hadi mashariki, akailaza kama uti wa mgongo wa mchoro. Njia nyingine alizipanga kando yake kwa sheria moja kali: kila mstari ulale, usimame wima, au uinamie kwa nyuzi 45. Hakuna mwelekeo mwingine ulioruhusiwa. Sehemu ya katikati ya mji, penye vituo vingi, aliipanua kana kwamba ameitazama kwa kioo cha kukuzia, ilhali njia ndefu za pembezoni alizikunja ili zienee kwenye karatasi. Vituo alivitenga kwa nafasi zinazokaribiana. Kituo cha kawaida kilipewa alama ndogo iliyochomoza kutoka kwenye mstari kuelekea jina lake, na vituo vya kubadilishia treni vikapewa alama ya almasi ili vionekane upesi.

Kati ya yote yaliyo juu ya ardhi, alibakisha kitu kimoja tu: mto Thames, nao pia akaunyoosha kwa sheria ileile. Mto huo ulitosha kumjulisha mkazi wa London kama yuko kaskazini au kusini mwa mji.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Ramani ya Beck haisemi kweli kuhusu umbali. Kati ya vituo vya Leicester Square na Covent Garden hakuna hata mita 300, na mtu anayetembea kwa miguu anaweza kufika kabla ya aliyesubiri treni. Kwa upande mwingine, kati ya Chalfont & Latimer na Chesham, nje kabisa ya mji, kuna zaidi ya kilomita sita. Hata hivyo, mtu akiziangalia jozi hizo mbili kwenye ramani, hataiona tofauti hiyo kubwa. Hadi leo wageni hulipa nauli kusafiri mwendo ambao wangeutembea kwa dakika chache. Beck aliijua dosari hiyo na akaikubali, kwa kuwa aliamini ramani inayosema kweli yote lakini haisomeki haimsaidii yeyote.

Kukataliwa, kisha kushangiliwa

Mwaka huohuo wa 1931, Beck aliupeleka mchoro wake katika idara ya matangazo ya Underground. Wakubwa waliutazama, wakaukataa. Waliuona umekwenda mbali mno na desturi. Ramani isiyoonyesha umbali halisi ilionekana kwao kuwa kichekesho, na walihofia kwamba umma ungechanganyikiwa.

Beck hakukata tamaa. Mwaka uliofuata aliuwasilisha tena, na safari hii wakakubali kuujaribu kwa nakala chache katika baadhi ya vituo. Abiria hawakuchanganyikiwa hata kidogo. Mnamo Januari 1933 ramani ya mfukoni ilichapishwa kwa nakala laki kadhaa, jalada lake likiwaomba wasafiri watoe maoni kuhusu mtindo huo mpya. Jibu la wasafiri lilikuwa kuzichukua zote, na haikuchukua muda kabla ya wachapishaji kurudi mtamboni.

Ni muhimu kuelewa kwa nini wasafiri waliipenda upesi hivyo. Mkazi wa London wa miaka hiyo alikuwa akiuona mji wake kama msitu wa vichochoro usio na mwanzo wala mwisho. Ramani ya Beck ilimpa mji alioweza kuubeba kichwani. Fauka ya hayo, iliifaa biashara. Miaka hiyo reli zilikuwa zikinyoshwa hadi vitongoji vipya; njia ya Piccadilly, kwa mfano, ilifika Cockfosters, kaskazini kabisa, mnamo Julai 1933. Kwenye ramani ya zamani mahali kama hapo palionekana ughaibuni. Kwenye ramani ya Beck palikuwa hatua chache tu kutoka katikati ya mji. Familia iliyokuwa ikiwaza kuhamia huko iliiona njia ya baba kwenda kazini kuwa fupi na rahisi.

Na mbunifu mwenyewe alipata nini? Alirejeshwa kazini katika ofisi ya uchoraji, na kwa ramani hiyo akalipwa gini chache, yaani paundi chache na shilingi kadhaa juu yake. Hakupata fungu kwa kila nakala iliyochapishwa. Haki ya kuitumia ilibaki kwa mwajiri.

Miaka 30 ya kulea

Mnamo Julai 1, 1933, reli, mabasi na tramu za London ziliwekwa chini ya bodi moja ya umma. Aliyekuwa akiiendesha, Frank Pick, alisifika kwa kupenda michoro safi, mabango mazuri na herufi zinazosomeka. Zile herufi maarufu za reli hiyo, zilizobuniwa na Edward Johnston mwaka wa 1916, ziliagizwa na yeye. Katika shirika la namna hiyo, ramani ya Beck ilipata makao.

Lakini ramani ya reli haimaliziki. Kituo kikifunguliwa, kingine kikifungwa, jina likibadilishwa au njia ikirefushwa, mchoro mzima huweza kuvurugika. Ukisogeza kituo kimoja, vitano vinavyokizunguka hukosa nafasi ya majina. Beck, aliyekuwa akiishi Finchley, kaskazini mwa London, pamoja na mkewe Nora, alijitwika kazi hiyo mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka alikaa na karatasi zake akitafuta namna ya kuingiza jambo jipya bila kuuharibu mpangilio. Alibadilisha alama za vituo vya kubadilishia kutoka almasi hadi duara. Alijaribu rangi, akazibadilisha. Alinyoosha kilichokuwa kimepinda, akapunguza pembe zisizo za lazima.

Hakuridhika na London pekee. Aliuchorea pia mji wa Paris mchoro wa reli zake za chini ya ardhi kwa mtindo huohuo, lakini wenyeji hawakuukubali. Kuanzia mwaka wa 1947 alifundisha taaluma ya herufi na rangi katika chuo cha uchapaji jijini London. Hata alipokuwa mwalimu, aliendelea kuishughulikia ramani yake.

Uhusiano wake na shirika haukuwa shwari wakati wote. Mnamo 1938 mchoraji mwingine, Hans Schleger, alipewa kazi ya kutoa toleo la ramani hiyo. Beck alilalamika, na baada ya hapo aliamini kwamba wameelewana: yeye aliachilia hakimiliki, na shirika kwa upande wake lingemwachia yeye kufanya mabadiliko yote ya baadaye. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa. Kwa shirika, ramani ilikuwa mali yake kama zilivyokuwa treni na vituo. Kwa Beck, ilikuwa ahadi.

Jina jingine ukutani

Mnamo 1960, abiria wa London walikuta ramani mpya vituoni. Beck naye aliikuta hivyohivyo, kama abiria mwingine yeyote, kwani hakuna aliyekuwa amemwarifu. Kwenye pembe ambapo kwa miaka mingi palikuwa na jina lake, sasa paliandikwa la Harold Hutchison, afisa msimamizi wa matangazo wa shirika hilo, ambaye hakuwa mchoraji kitaaluma.

Wazo lilikuwa lilelile la Beck la mistari iliyonyooka, ila limekosa ulaini wake. Pembe zilikuwa kali, mistari ilikatika ghafla na baadhi ya majina yalibanwa mahali pasipo na nafasi. Wasafiri wengi hawakuipenda. Miaka minne baadaye iliondolewa, ikaja nyingine ya Paul Garbutt, mfanyakazi wa shirika ambaye, kama Beck kabla yake, aliichora kwa hiari katika muda wake wa mapumziko kwa sababu tu hakuipenda iliyokuwapo. Garbutt alizirudisha pembe laini, na ramani ikarejelea sura iliyokaribia ile ya Beck. Jina la Beck halikurudi.

Kwa miaka kadhaa Beck aliandika barua, akadai na kufikiria kwenda mahakamani. Wakati huohuo aliendelea kuchora. Shirika lilikuwa likipanga njia mpya ya Victoria, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 1968. Beck, bila kuombwa wala kulipwa, aliandaa ramani iliyoiingiza njia hiyo kama mstari ulionyooka unaoukata mji wote kwa mshazari. Hata waliokuja kuitathmini baadaye wameisifu kwa urahisi wake. Haikutumika. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alichoka, akaiacha kesi yake.

Kuna watakaosema kwamba shirika halikuvunja sheria, nao wana hoja. Mwajiri akishalipa, kazi ni yake. Lakini kuna deni ambalo halimo katika mkataba. Kumwachia mtu kazi kwa karibu miaka 30, kuyachukua masahihisho yake kila mara, kisha kumwacha agundue ukutani kwamba ameondolewa, ni jambo ambalo stakabadhi ya gini chache haiwezi kulihalalisha. Haki ya kutajwa haigharimu shirika senti. Ndiyo maana kunyimwa haki hiyo huuma kuliko kunyimwa pesa.

Beck alifariki huko Southampton, kusini mwa Uingereza, bila kuliona jina lake likirejeshwa.

Heshima iliyochelewa

Aliyemtoa katika usahaulifu alikuwa mchoraji na mwalimu Ken Garland, aliyefahamiana naye katika miaka yake ya mwisho na kuzinusuru nyaraka na michoro yake. Mnamo 1994 Garland alichapisha kitabu kuhusu ramani hiyo na historia ya mtu aliyeibuni. Miaka michache baadaye, shirika la usafiri la London lilianza kuchapa kwenye ramani zake maelezo mafupi yanayotambua kwamba mchoro huo umetokana na ule uliobuniwa na Harry Beck mwaka wa 1931. Katika kituo cha Finchley Central, karibu na alikoishi, iliwekwa nakala ya ramani yake ya 1933 kwa kumbukumbu. Mnamo 2006, umma wa Uingereza ulipoulizwa kuchagua kazi bora ya ubunifu ya taifa hilo katika karne ya 20, ramani hiyo ilishika nafasi ya pili nyuma ya ndege ya Concorde. Mwaka wa 2013 nyumba aliyozaliwa huko Leyton ilibandikwa bamba la heshima.

Lakini heshima kubwa zaidi ni ile iliyotolewa na miji mingine bila kutaja jina lake. Sydney, Australia, ilichapisha ramani iliyofanana mno na ya London mapema mwaka wa 1939. Miongo iliyofuata, mistari iliyonyooka na pembe za nyuzi 45 zilienea Ulaya, Asia na Amerika, hadi mtu akaweza kushuka uwanja wa ndege wa mji asioujua lugha yake na bado akaisoma ramani yake ya treni.

Si kila mji ulikubali mara moja. Mnamo 1972 New York ilizindua mchoro wa Massimo Vignelli, uliofuata mkondo wa Beck kwa ukali zaidi. Wakazi walilalamika kwamba bustani ya Central Park, ambayo ni ndefu na nyembamba, ilikuwa imegeuzwa mraba, na kwamba vituo vingine viliwekwa mahali pasipo pake. Sababu si ngumu kuielewa. Barabara za London zimepindapinda na ni wachache wanaojua zinaelekea wapi, kwa hivyo uongo wa ramani hauwakeri. Sehemu kubwa ya Manhattan imepangwa kwa mitaa iliyonyooka yenye nambari, na mkazi wake anajua kikamilifu alipo. Mwaka wa 1979 mchoro wa Vignelli uliondolewa, ukaletwa unaokaribia jiografia. Ilichukua hadi mwaka wa 2025 kabla ya New York kurejea rasmi kwenye mistari iliyonyooka.

Barani Afrika, Cairo ndiyo iliyotangulia kuwa na reli kamili ya namna hiyo, ilipofungua njia yake ya kwanza mnamo Septemba 1987. Nairobi haina treni za chini ya ardhi, lakini mwaka wa 2014 mbinu ya Beck ilifika hata huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Marekani walikuwa wamewatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi kila mahali gari linaposimama. Njia zaidi ya 130 zilikusanywa, kisha zikachorwa kwa mistari ya rangi kana kwamba matatu ni treni za chini ya ardhi. Kwa mara ya kwanza, abiria wa Nairobi aliziona njia zote za mji wake kwenye karatasi moja: gari lipi linaenda wapi, na ashukie wapi apande jingine. Ni swali lilelile lililoulizwa katika daftari la mazoezi mwaka wa 1931.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Beck alicheza kwao, akacheza vyema kuliko wote, na kwao ndiko alikokosa kutunzwa hadi alipokwisha kufukiwa. Katika ofisi nyingi, za serikali na za kampuni, wamo watu wa vyeo vya chini ambao usiku, bila kutumwa, hukaa wakitafuta suluhisho la tatizo ambalo wakubwa wamelizoea. Pengine wazo la mmoja wao liko mezani kwa mtu sasa hivi, likisubiri kukataliwa. Anayelishika angefanya vyema kulitazama mara ya pili, na akilikubali, asisahau kuliacha jina la mwenyewe chini yake.